Kinachopita kati ya meza na meza

Kazi yangu ni kutunza hesabu za biashara ndogo na za kati, na kwa miaka mingi nimeifanya nikiwa ndani ya biashara zenyewe. Napewa kona kwenye karakana au nyuma ya stoo, nafungua vitabu, na watu wanaendelea na shughuli zao kana kwamba sipo. Ukikaa hivyo kwa muda mrefu unaanza kuona jambo ambalo vitabu havikuonyeshi. Takwimu za mapato na matumizi ni nyayo tu za mambo yaliyotokea kwingine, tena mara nyingi zamani. Mwenye biashara ananiita kwa sababu mauzo yameshuka, nami nakuta chanzo kwenye ununuzi wa miezi kadhaa nyuma. Mwingine analalamika kwamba mafundi ni wazembe, nami nakuta mafundi wamekaa wakisubiri karatasi isainiwe.

Wataalamu hukiita kitu cha namna hii mfumo changamano: sehemu nyingi zinazoathiriana, matokeo yanayorudi na kuwa chanzo, na muda unaopita kati ya kitendo na athari yake. Mashine kubwa nayo ina sehemu nyingi, lakini gurudumu halibadili tabia kwa kuwa limesikia limewekewa lengo la mwezi. Watu hubadilika, na ndiyo maana biashara ya watu kumi na wawili inaweza kuwa ngumu kuielewa kuliko mtambo wa vipuri elfu. Imani yangu, na nimeipata polepole, ni kwamba biashara huishi katika vile vinavyopita kati ya meza na meza: oda, habari, fedha, ahadi, na muda ambao kila kimoja hutumia njiani. Ukikagua meza mojamoja unaweza kukuta kila moja iko safi na biashara nzima inaumwa.

Karakana moja ya uchapishaji ndiyo iliyonifumbua macho. Ilikuwa na wasanifu wa kurasa, mashine ya kuchapa, mashine ya kukatia karatasi, meza ya kukunja na kujalidi, kisha wafungaji. Kazi zilikuwa zinachelewa na wateja walikuwa wanahama. Mwenye karakana, mama mmoja mchapakazi na mwenye msimamo, alikuwa ameshaamua kwamba tatizo ni mashine ya kuchapa: ya zamani, ya polepole. Alikopa, akaleta mpya yenye kasi karibu maradufu. Wiki za mwanzo kila mtu alifurahi. Baada ya hapo ucheleweshaji ukazidi kuliko ulivyokuwa kabla ya mkopo.

Siku moja niliacha vitabu nikaenda kusimama karibu na mashine ya kukatia. Ilikuwa moja tu, na fundi wake mmoja. Kila kazi ilipita kwake, na nyingine zilipita mara mbili: kupunguza karatasi kabla ya kuchapwa na kusawazisha kingo baada ya kujalidiwa. Pembeni yake marundo yalikuwa yamefika usawa wa kiuno, kila rundo na kikaratasi chenye jina la mteja. Kila baada ya muda mfupi mtu wa mauzo aliingia, akavuta rundo lake kutoka chini na kuliweka juu. "Kaka, nisaidie hii, mteja yuko nje." Fundi alisimamisha kazi iliyokuwa mezani, akaondoa kizuizi, akapima upya, akakata karatasi ya majaribio, akasawazisha, ndipo akakata. Kisha akairudia ile aliyoiacha, na kupima kukaanza tena. Kupima kulimchukua muda mrefu kuliko kukata. Kwa hiyo ile haraka ya watu wa mauzo ilikuwa inakula muda wa mashine ambayo ndiyo adimu kuliko zote, na kadiri ilivyokula ndivyo kazi zilivyochelewa, na kadiri zilivyochelewa ndivyo watu wa mauzo walivyozidi kuja mbio. Duara zima, na hakuna hata mmoja ndani yake aliyekuwa mvivu au mjinga.

Mashine mpya ya kuchapa, nzuri kwelikweli, ilikuwa inarundika karatasi mbele ya kisu kwa kasi mpya. Kila rundo lilikuwa ni fedha iliyokwishalipwa kwa msambazaji wa karatasi na wino, imelala sakafuni. Zaidi ya hapo, marundo yanapokuwa mengi kazi hupotea katikati yake, kurasa huchanganyika, pembe hukunjika, na kazi inarudiwa. Kurudia nako kunapita tena kwenye kisu.

Hesabu ya hali hii imejulikana muda mrefu. Agner Krarup Erlang, Mdenmaki aliyekuwa akishughulikia foleni za simu Copenhagen, alichapisha kazi yake ya kwanza kuhusu jambo hili mwaka 1909. Katika mfano sahili wa foleni, ambako kazi zinafika bila mpangilio na kila moja ina urefu wake, sehemu yenye shughuli kwa asilimia 80 ya muda wake huifanya kazi isubiri, kwa wastani, mara 4 ya muda wa kuifanya. Ifikishe asilimia 90, kusubiri kunakuwa mara 9. Asilimia 95, mara 19. Wenye biashara wengi niliowaonyesha namba hizi walinyamaza kidogo kwanza, maana wamelelewa kuamini kwamba mtu au mashine isiyo na kazi ni hasara. Ni hasara, ndiyo. Ila mahali pale panapobana, ile nafasi ndogo iliyobaki wazi ndiyo inayobeba ahadi yako kwa mteja.

Kuna kanuni nyingine ambayo naipenda kwa sababu mtu yeyote anaweza kuitumia akiwa na kalamu tu. Mtafiti wa Marekani, John Little, aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya kazi zilizomo ndani ya mfumo ni sawa na kazi zinazoingia kwa siku ukizidisha kwa siku ambazo kila kazi hukaa humo. Chukua karakana inayomaliza kazi 12 kwa siku na yenye kazi 84 mkononi. Gawanya: siku 7. Kama muuzaji anaahidi siku 3, hakuna bidii wala ukali wa msimamizi utakaoifanya ahadi hiyo itimie, mpaka kazi zilizo ndani zipungue hadi 36 au zinazomalizwa kwa siku ziongezeke. Nilipomwandikia yule mama hesabu ya karakana yake kwenye karatasi, aliitazama kwa muda.

"Kwa hiyo tunadanganya wateja kila siku na hatujui?"

"Mnawaahidi kitu ambacho sakafu haikijui, mama."

Tulichokubaliana kilimuumiza. Kazi zisiingie sakafuni mpaka kisu kiwe na nafasi. Kazi za kipimo kimoja zikatwe kwa mfululizo. Mmoja wa wafungaji afundishwe kukata, ili mashine isisimame fundi anapokwenda kula. Na mashine mpya ya kuchapa, ile ya mkopo, iruhusiwe kusimama. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Kumwona mpiga chapa amekaa, mikono mapajani, huku benki inasubiri marejesho, kunahitaji moyo. Alikuwa nao. Marundo yalishuka, kazi zilianza kutoka kwa siku zilizoahidiwa, na wale watu wa mauzo wakaacha kuingia ndani kwa sababu hapakuwa tena na cha kufuata.

Baada ya hapo nilianza kuangalia fedha kwa jicho lilelile. Hapa ndipo nimeona biashara nyingi nzuri zikifa, na nasema nzuri nikimaanisha: zina wateja, zina bidhaa, zina faida kwenye vitabu. Zinakufa zikiwa zinakua.

Chukua msambazaji ambaye bidhaa anazouza kwa siku zimemgharimu vizio 100 vya fedha yoyote. Mzigo unakaa stoo siku 30. Wateja wanachukua kwa mkopo na kulipa baada ya siku 45. Yeye mwenyewe anamlipa aliyemuuzia baada ya siku 15. Jumlisha 30 na 45, toa 15: fedha yake iko nje kwa siku 60, yaani vizio 6,000 vimefungwa muda wote. Sasa mauzo yanapanda kwa nusu. Watu wanapongezana. Kilichofungwa kinakuwa 9,000, na zile 3,000 za nyongeza lazima zitoke mahali fulani kabla mteja mpya hajalipa. Kama faida yake ni 10 kwa kila 100 ya gharama, sasa anapata 15 kwa siku, na itamchukua siku 200 za faida yote, bila kugusa hata kidogo, kuliziba pengo hilo. Katikati ya siku hizo 200 kuna mishahara, kodi ya jengo, na ushuru.

Nimekaa na wenye biashara waliokuwa na hakika kwamba wanaibiwa, kwa sababu vitabu vinaonyesha faida na akaunti haina kitu. Walikuwa wameshaanza kumtilia shaka karani, au ndugu waliyemweka dukani. Uchungu wa jambo hili ni kwamba shaka hiyo yenyewe inakuwa sehemu ya mfumo: karani anayeshukiwa huanza kuficha hata makosa madogo, habari zinachelewa kumfikia mwenye mali, na maamuzi yanazidi kufanywa gizani. Kabla ya kumshuku mtu, hesabu siku. Ni ushauri ninaoutoa mara nyingi kuliko mwingine wowote.

Kuuza mali kauli, yaani kutoa mzigo sasa na kulipwa baadaye, si ubaya. Biashara nyingi zisingekuwepo bila kuaminiana. Lakini kila siku unayompa mteja ni mtaji wako unaomkopesha, na ni afadhali uamue hivyo ukijua kuliko kukuta umeamua.

Habari ya stoo ni tofauti kidogo, kwa kuwa hapa tatizo hujificha ndani ya busara. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Jay Forrester, mhandisi wa umeme aliyehamia kitengo cha uongozi wa biashara katika chuo cha MIT, Marekani, aliletewa fumbo na watu wa General Electric. Viwanda vyao vya vyombo vya nyumbani huko Kentucky vilikuwa vinafanya kazi zamu tatu au nne, kisha miaka michache baadaye nusu ya watu wanaachishwa kazi. Maelezo ya kawaida yalikuwa kwamba uchumi unapanda na kushuka. Forrester aliuliza wanaajiri kwa kanuni gani na wanaagiza kwa kanuni gani, akaandika kanuni hizo kwenye karatasi, akazifuatisha wiki baada ya wiki kwa kalamu. Aliona kwamba hata oda za wateja zikibaki tulivu, kanuni zenyewe, pamoja na muda unaopotea kati ya kuagiza na kupokea, zinatosha kuleta mawimbi. Dhoruba ilikuwa inatengenezwa ndani.

Kutoka kwenye kazi hiyo ulizaliwa mchezo ambao hadi leo hufundishiwa biashara. Wachezaji wanne wamepangwa kwa mstari: muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji, kiwanda. Kila mmoja anaona oda za aliye mbele yake tu, na mzigo unachukua wiki kadhaa kufika. Mteja wa mwisho anaanza kwa kununua kreti 4 kwa wiki, kisha anapanda hadi 8 na kubaki hapohapo mpaka mwisho. Badiliko ni hilo moja tu. Niliucheza katika mafunzo fulani, nikiwa kwenye nafasi ya muuza jumla, na nakumbuka vizuri hisia ya wiki za katikati: stoo tupu, oda zimerundikana, nami naagiza zaidi kila wiki kwa sababu nilichoagiza hakijafika. Kisha vyote vikafika kwa pamoja, na mwenzangu wa kiwandani, aliyekuwa amekaa kimya akizalisha kwa nguvu zote, hakupata oda hata moja kwa wiki kadhaa mfululizo. Kadi za oda zilipofunuliwa na tukaona kwamba mteja alinunua kreti 8 zilezile muda wote, watu mezani walitazamana. Kila mmoja wetu alikuwa amejiandaa kumlaumu mwenzake.

Ndivyo inavyokwenda na stoo za kweli. Bidhaa inaadimika, mwenye duka anaagiza mara mbili kwa wasambazaji wawili ili awe na uhakika, wasambazaji wanaona mahitaji yamepanda, wanaagiza zaidi, na baada ya muda stoo inajaa bidhaa ambayo hakuna aliyewahi kuihitaji kwa wingi huo. Ni sawa na mpishi anayeongeza chumvi kabla ile ya kwanza haijayeyuka. Dawa yake inajulikana na haina ufahari: andika mahali pamoja kila kilichoagizwa na hakijafika, na kila unapotaka kuagiza soma orodha hiyo kwanza. Nimeona daftari moja la namna hiyo likifanya kazi kuliko programu ya ghali ambayo ilionyesha tu kilichomo stoo na kusahau kilichoko njiani. Dawa ya pili ni kuzungumza. Msambazaji anayeambiwa mauzo halisi ya duka kila wiki hahitaji kubahatisha kutokana na oda.

Kuna eneo ambalo nalipitia haraka, si kwa kuwa ni dogo, ila kwa kuwa ukiliona mara moja utaliona kila mahali. Ni vipimo. Katika kampuni moja ya vifaa vya ujenzi, mnunuzi alikuwa anasifiwa kwa bei nafuu kwa kila kimoja, kwa hiyo alinunua shehena kubwa. Mtunza stoo alipimwa kwa upotevu mdogo, kwa hiyo kila mzigo uliotoka ulihesabiwa mara mbili na magari yakasubiri. Wauzaji walilipwa kamisheni mteja anaposaini, kwa hiyo walitoa mkopo wa siku nyingi kwa yeyote aliyeshika kalamu. Watatu wote walikuwa wanafanya vizuri kwa kipimo chao, na kila mwisho wa mwezi mwenye kampuni alikuwa anatafuta fedha ya mishahara. Mchumi wa Uingereza Charles Goodhart alieleza mwaka 1975, akizungumzia sera za fedha, kwamba uhusiano wa kitakwimu huelekea kuvunjika pale unapotumiwa kudhibiti mambo. Kwenye biashara ndogo unavunjika upesi zaidi, maana mtu mmoja akibadili mwenendo wake ni sehemu kubwa ya nguvu kazi yote iliyobadilika. Kamisheni ilipohamishwa kutoka siku ya kusaini hadi siku fedha inapoingia, wauzaji wenyewe wakawa wakusanyaji madeni hodari, bila semina wala onyo.

Jambo ambalo nimelifikiria kuliko yote ni ukubwa. Sheria na takwimu hupanga biashara kwa idadi ya watu. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unaita ndogo ile yenye wafanyakazi chini ya 50, na ya kati ile yenye chini ya 250, pamoja na mipaka ya mauzo au mali. Lakini ukiwa ndani, mpaka wa maana unafika mapema mno kuliko 50. Unafika siku ambayo mwenye biashara hawezi tena kusikia kila kinachosemwa akiwa amekaa mahali pake. Watu 4 wana jozi 6 za kuzungumza. Watu 8 wana jozi 28. Watu 16 wana 120. Idadi ya watu imeongezeka mara nne, njia za kuelewana au kutoelewana zimeongezeka mara ishirini, na hakuna aliyeajiriwa kuziangalia.

Hapo ndipo mwenye biashara mzuri anapoanza kuonekana mbaya. Ni yuleyule, na tabia zilezile zilizomfikisha alipo: anaamua papo hapo, anabadilisha maneno akipita koridoni, anawajua wateja kwa majina. Kwa watu wanne hiyo ni kasi. Kwa watu kumi na sita ni maagizo yanayogongana, kwa sababu aliyeambiwa jambo asubuhi hayupo linapobadilishwa mchana. Wafanyakazi wa siku nyingi husema, "Zamani tulikuwa familia." Nimewasikia wengi wakilaumiwa kwa kusema hivyo, kana kwamba wanakataa maendeleo. Mimi huwachukulia kwa uzito. Wanaripoti kwamba njia ya habari imekatika, na wao ndio wa kwanza kujua.

Kuajiri haraka hakuponyi hilo. Mchumi Edith Penrose alieleza mwaka 1959 kwamba kinachozuia kampuni kukua kwa kasi ni muda wa wasimamizi waliopo, kwa kuwa wao ndio wanaopaswa kuwafundisha wapya, na wakati wanafundisha hawasimamii. Nimeiona kanuni hiyo ikitembea kwa miguu miwili. Kampuni imezidiwa, inaajiri watu watano kwa mpigo, na fundi bora anatolewa kwenye kazi kuwaonyesha. Kazi zinazidi kuchelewa, wateja wanapiga simu, mwenye kampuni anadhani watu bado hawatoshi. Akiongeza wengine wakati huo anazidi kuzama. Ninapoweza kushauri, husema aje mmoja, azoee, ndipo aje wa pili, hata kama hiyo ina maana ya kukataa oda. Kukataa oda ni neno zito kwa mtu aliyewahi kukaa dukani siku nzima bila mteja, na silitamki kirahisi.

Basi unaanzia wapi, ukitaka kuielewa biashara yako kwa namna hii? Mimi hukaa na watu wa sehemu zote, si wakuu peke yao, tukafuata oda moja tangu mteja alipouliza bei hadi fedha ilipoingia. Oda moja ya kweli, iliyokwishapita. Kwenye karatasi kubwa tunachora kila mkono ilimopita na kuandika imekaa kwa muda gani. Karibu kila mara muda wa kufanyiwa kazi ni sehemu ndogo, na muda wa kusubiri ndio siku zote zilizobaki. Halafu tunauliza kila mmoja akibanwa hufanya nini, na hilo alifanyalo linambana nani. Mishale inapoanza kurudi ilikotoka, mnakuwa mmelipata duara. Karani wa kampuni moja, binti mkimya ambaye sikuwa nimemsikia akizungumza, aliinuka akachora mshale kutoka kwenye meza ya bosi wake kurudi kwenye meza hiyohiyo, akaketi. Bosi alicheka, kisha akauliza maana yake, na binti akamweleza: punguzo analotoa kwa simu haliandikwi popote, ankara inatoka na bei ya zamani, mteja anakataa kulipa, na lalamiko linarudi kwake mwenyewe akiwa ameshasahau.

Baada ya kuchora huja sehemu inayohitaji uvumilivu, yaani kubadili kitu kimoja na kusubiri. Kama wateja wako hulipa kwa siku 45, badiliko la masharti ya mkopo halitaonekana kwenye akaunti kabla ya siku 45, na mtu anayeliacha baada ya wiki tatu kwa sababu "halijasaidia" hakuwahi kulijaribu. Nimeona mwenye biashara akibadili bei, kamisheni na msambazaji ndani ya mwezi mmoja. Mauzo yalipanda, na hakuna aliyeweza kusema kwa nini, kwa hiyo yaliposhuka hakuna aliyejua cha kurudisha.

Njia nyingine ya kuona ni mwenye biashara kuondoka. Katika kampuni moja ya kufunga na kutengeneza pampu za maji, mwenye kampuni alilazimika kuwa mbali kwa wiki mbili kwa ajili ya matibabu, na simu haikuruhusiwa. Alimwachia msimamizi wake kazi moja ya ziada: kuandika kila kilichokwama. Orodha ilikuwa fupi kuliko alivyoogopa. Bei za kazi kubwa zilikwama, kwa sababu kiwango cha punguzo kilikuwa kichwani mwake. Vipuri vya msambazaji mmoja vilikwama, kwa kuwa msambazaji huyo hakutoa mzigo mpaka asikie sauti yake. Maombi ya ajira yalikaa mezani. Kulikuwa pia na safu ambayo msimamizi aliiongeza mwenyewe, ya vilivyokwenda kasi kuliko kawaida: matengenezo madogo yote, kwa sababu hakuna aliyewaondoa mafundi kazini kwenda kwenye dharura.

Aliporudi tulikaa na orodha ile asubuhi nzima. Punguzo hadi asilimia 5 likawa mikononi mwa karani, na likaandikwa kwenye ankara palepale. Msambazaji aliletewa msimamizi, wakala chakula pamoja, na mzigo ukaanza kutoka kwa sauti mbili. Dharura zikapewa fundi mmoja wa zamu, wengine wakaachwa wamalize walichoanza. Kazi ya kuajiri alikataa kumwachia mwingine, na hapo nilikuwa upande wake. Katika kampuni ya watu kumi na wachache, kila anayeingia anabadili uhusiano wa wote waliomo, na yeye ndiye aliyekuwa amekaa na kila mmoja wao muda mrefu wa kutosha kujua nani ataweza kufanya kazi na nani.